Mume Aliyetaka Nyasi

Mume wangu wa pili alikuja kwangu Msambweni na sanduku la nguo, redio ndogo na msala wake wa kuswalia. Majirani walilisema sana jambo hilo, kwamba mume ndiye aliyehamia kwa mke, lakini sisi hatukuwa vijana wa kuanza kutafuta kiwanja. Mimi nilikuwa mjane wa miaka mingi, wanangu wameshaoa na kuolewa. Yeye naye mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na chumba chake cha kupanga kule Lunga Lunga kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye foleni ya malori. Alikuwa wakala wa forodha pale mpakani. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akishughulikia karatasi za mizigo ya watu wengine, vumbi likimwingia puani na honi zikimwamsha kabla ya adhana.

Wiki za mwanzo alikuwa akikaa barazani na chai yake, akitazama uwanja. Mimi nikidhani anapumzika. Siku moja akaniambia, "Bibi yangu, hapa mbele pangependeza nyasi."

"Nyasi za kumlisha nani?" nikamwuliza.

"Za kukaa tu. Za kutazama."

Nikacheka, nikaendelea kufagia. Uwanja wangu ulikuwa mchanga mtupu, na mimi nilikuwa nikijivunia utupu wake. Kila asubuhi nilikuwa nikiufagia kwa ufagio wa chelewa mpaka ubaki na mistari safi kama kitambaa kilichopigwa pasi, na akipita mtu au kuku au kenge, unamjua kwa alama zake. Ndivyo mama alivyonilea. Nyasi karibu na mlango, mama alikuwa akisema, ni kumkaribisha nyoka ndani.

Nilimweleza hivyo. Hakubishana. Lakini jioni yake nikamkuta na simu, anatazama video za wazungu wakisukuma mashine juu ya nyasi nzuri ajabu, kijani kibichi, katika nchi ambayo hata jua lake halionekani kuwa na ukali. Alikuwa amevaa miwani na mdomo umeachama kidogo. Nikamwonea huruma, au labda nilikuwa nimeanza kumpenda, sijui. Nikamwambia, "Chukua kuanzia baraza mpaka kisimani. Upande wa jikoni niachie mchanga wangu."

Asubuhi yake alikwenda Ukunda, akarudi na tuktuk imejaa nyasi zilizokunjwa kama mikeka. Zilikuwa laini, nyembamba, za bara. Aliyemuuzia pale kando ya barabara alimhakikishia kwamba kazi yake ni kuzitandika tu na kuzimwagia maji. Basi akazitandika, moja kando ya nyingine, juu ya mchanga wenyewe, na kufika alasiri tulikuwa na uwanja wa kijani. Majirani walikuja kuuona. Yeye alisimama katikati, mikono nyuma, kama bwana harusi.

Ulikuwa wakati wa kaskazi, jua kali, mvua haijulikani iko wapi. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Tunafulia na kuoshea vyombo, ya kunywa tunanunua kwa mitungi. Yeye akawa anazimwagilia maji hayo ya kisima. Akiona zimelegea mchana, anazimwagilia tena mchana huo huo, jua la utosi. Zikaanza kuwa manjano pembezoni, kisha katikati, kisha zikawa na rangi ya makuti makavu. Ukizivuta zinanyanyuka zote, kwa sababu hazikuwa zimeshika popote. Chini yake palikuwa na mchanga na vipande vya matumbawe tu.

Alizikunja mwenyewe, asitake nimsaidie, akazipeleka nyuma ya choo. Siku hiyo hakuwasha redio.

Nilimpelekea chai, nikakaa naye barazani. Nikamwambia ni nyasi tu, zisimtie simanzi. Akakizungusha kikombe mkononi, akasema, "Wewe umezaliwa hapa, mvua zinakuja zenyewe. Mimi kwetu nyasi ni kitu cha kufuata."

Nilijua kwao ni kule ndani, nchi kame kupita Kinango, lakini hakuwahi kunisimulia sana. Siku ile ndiyo aliyonisimulia. Alipokuwa mdogo walikuwa wakichunga yeye na kaka yake, wakiamka na ng'ombe kwenda kutafuta malisho, wakiyapata leo kesho yameisha, wanasogea mbele. Kuna mwaka walisogea mpaka wakalala kwa watu wasiowajua. "Sijawahi kukaa mahali," akasema, "nikaziona nyasi zikabaki."

Nilimshika mkono. Tulikuwa bado hatujazoeana kiasi cha kushikana mikono mchana nje ya nyumba, na sote wawili tulitazama barabarani kuona kama kuna anayepita.

Hapo ndipo shauri la nyasi likawa langu pia.

Nilimkumbuka shangazi yangu aliyeko Gazi. Nyumba yake iko karibu na bahari, upepo wa chumvi unampiga mwaka mzima, na chini ya minazi yake kuna nyasi nene, majani mapana, ambazo tangu utoto wangu sijaziona zimekufa. Tukaenda kumwamkia. Shangazi alifurahi kumwona mume wangu, akamuuliza habari za watu wa kwao mmoja mmoja ingawa hakuwa akimjua hata mmoja. Tulipomweleza haja yetu akashangaa.

"Hizi? Hizi ni nyasi za Pemba. Sikuzipanda mimi, nilizikuta. Chukueni mtakazo."

"Shangazi, zinataka nini?" mume wangu akamuuliza, na simu yake mkononi tayari kuandika.

"Zinataka mvua ya kuanzia, na zisikanyagwe zikiwa changa. Chumvi zinaijua, kivuli zinakijua. Lakini usizipande sasa, mwanangu. Ngojea masika."

Kungoja kulimsumbua. Nilimpa kazi. Tuliondoa mawe na vipande vya matumbawe, tukachimbua mchanga, tukanunua udongo mwekundu uliokuja kwa pikapu kutoka upande wa Mkongani. Jirani yetu mwenye mbuzi alitupa samadi. Mume wangu alitaka kuichanganya siku ile ile, nikamkataza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Tuliirundika pembeni, tukaifunika kwa makuti, tukaigeuza mara kwa mara mpaka ikawa nyeusi, inafikichika, haina harufu. Ndipo tukaichanganya na udongo na mchanga, tukasawazisha kwa ubao, tukiuacha uwanja uiname kidogo kuelekea barabarani ili maji ya mvua yasisimame ukutani.

Masika yalipoingia sawasawa, ardhi imelowa mpaka chini, tulirudi Gazi na magunia. Nyasi za Pemba hutambaa. Shina lake lina vifundo, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi. Tulikata vipande vyenye vifundo viwili vitatu, tukavilaza kwenye vijifereji, shubiri moja baina ya kipande na kipande, tukafukia kifundo na kuacha majani nje, kisha tukashindilia kwa kiganja. Tulianza asubuhi, manyunyu yakitupiga. Mimi nilijifunga kanga kiunoni, yeye alikunja suruali mpaka magotini. Tulikuwa tukisogea pamoja, ubavu kwa ubavu, tukisaidiana kunyanyuka kila magoti yakigoma.

"Mke wangu wa kwanza," akasema ghafla, macho yakiwa kwenye udongo, "angenicheka sana kuniona hivi."

"Na mume wangu angekucheka zaidi," nikamwambia. "Yeye hata jembe hakujua linashikwaje. Mti mmoja tu alioupanda maisha yake yote."

Tukacheka, tukaendelea kupanda. Ilikuwa mara ya kwanza tumewataja marehemu wetu pamoja, na mvua haikuacha kunyesha.

Zilishika. Mwanzo zilionekana kama nywele za mtu aliyenyolewa vibaya, kichaka hapa, upara pale. Mume wangu alizungushia kamba ili mtu asipite. Adui yetu mkubwa alikuwa ndago, gugu sugu. Ukiing'oa juu juu inarudi, kwa sababu kule chini ina vijipunje kama karanga. Lazima uchimbue kwa kijiti mpaka ukitoe kile kipunje chenyewe, na wakati mzuri ni baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Nilikaa chini kwenye kigoda na kijiti changu, nikang'oa ndago na kuzungumza na wapitao. Mvua zilipokatika tulimwagilia alfajiri, kwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye mapipa, tukiyachanganya na ya kisima pale tu tulipobanwa, na tulimwagilia kwa kushiba, siku moja tunamwagilia, siku mbili tunaziacha. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunaifanya mizizi ibaki juu juu. Hilo tulilijua kwa kukosea.

Alipozifyeka mara ya kwanza alinikataza kumsaidia. Alifyeka asubuhi, umande umeshakauka, akiacha urefu wa kidole kizima. Ukizikata mpaka chini, jua linazikausha na magugu yanapata nafasi. Alipomaliza, harufu ile ikaingia mpaka jikoni, na mimi niliyekuwa nikiogopa nyoka nikatoka nje kuinusa.

Baada ya nyasi yakaja maua. Alipanda haibiskasi nyekundu kando ya ua wa makuti, na kabla hatujayafurahia maua yake, kima walitoka msituni wakayala yote. Walikuwa wakikaa juu ya ua wakiyatafuna taratibu, kama watu walioalikwa. Tukaihamisha karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mimi nipo muda wote, ikapona. Bugenvilia nayo ilinitesa kwa namna nyingine. Niliihurumia, nikaimwagilia kila siku, ikanipa majani matupu. Mpaka jirani mmoja akaniambia niiache ipate kiu. Nikaiacha, na kabla ya mwezi kuisha ikafunika ukuta mzima kwa zambarau.

Sasa nifike kwenye mwasumini.

Chini ya dirisha la chumba changu palikuwa na mwasumini wa zamani. Ndio huo mti mmoja alioupanda marehemu mume wangu, mwaka tuliopata mtoto wetu wa kwanza. Miaka mingi nilikuwa nikichuma maua yake, nikiyatunga kwa uzi vikuba vya kuwapambia mabibi harusi. Lakini ulikuwa umezeeka. Ulikuwa umepanda mpaka kwenye mabati, shina limekakamaa, ndani vijiti vikavu vimesongamana, na maua yake yamekuwa machache, tena yako juu nisikofikia. Mimi sikuugusa. Niliona nikiugusa nitakuwa nimemgusa yeye.

Siku moja nilikwenda Shimoni kwenye arusi, nikashinda huko. Niliporudi jioni nikaliona dirisha langu liko wazi, mwanga unaingia chumbani kama sijawahi kuuona. Mwasumini ulikuwa umekatwa mpaka usawa wa goti. Matawi yake yalikuwa yamerundikwa kando, yamefungwa vizuri kwa kamba.

Mume wangu alikuwa amesimama na mkasi wa kupogolea, anatabasamu, anangoja sifa.

Niliingia ndani nikavua buibui, nikakaa kitandani. Baadaye nikapika, nikampakulia, nikala kidogo, nikaosha vyombo. Kesho yake pia nilikuwa hivyo. Hata ufagio niliushika kimya. Yeye alinifuata jikoni, akasimama mlangoni.

"Nimekosea. Lakini sijui nimekosea wapi. Niambie."

"Ule mwasumini ulipandwa na marehemu."

Alikaa kwenye kizingiti, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Alikaa pale muda mrefu, mkono shavuni.

"Siku ile uliniambia kuna mti mmoja alioupanda," akasema mwishowe. "Sikuuliza ni upi. Nilipaswa kuuliza."

Nilizidi kukoroga sufuria.

"Mwasumini hutoa maua kwenye matawi machanga," akasema tena, sauti iko chini. "Nilitaka uchume bila ngazi. Lakini hilo si la kukutuliza. Mimi sikuja hapa kumwondoa mtu, Wallahi. Kama una nafasi ya sisi wote wawili, mimi nitafurahi."

Nililia pale pale mbele ya sufuria. Naye akaondoka mlangoni, akaja akanishikia kanga yangu nijifutie.

Toka siku hiyo ule mti ukawa amana yake. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa hayamwagwi, yote yalikwenda kwenye mwasumini. Aliuzungushia samadi iliyooza, akiiweka mbali kidogo na shina. Aliondoa kila tawi lililovuka jingine. Alikuwa akiinama kuutazama kila baada ya swala ya asubuhi, na mimi nilikuwa nikimtazama kwa ndani, dirishani. Mvua za vuli ziliponyunya, vichipukizi vikatoka kwenye vile visiki, vyekundu kwanza, kisha kijani, vikarefuka. Halafu, jioni moja kabla ya magharibi, aliingia chumbani na kisahani cha chai. Kilikuwa kimejaa vitumba vya asumini vilivyokuwa havijafunguka, alivyovichuma bila kupanda popote.

"Hizi ni zake na zako," akasema. "Mimi nilikata tu."

Nikamwambia akae. Nikachukua sindano na uzi, nikamfundisha kutunga. Vidole vyake vilikuwa vizito kwa kazi ile, alivunja vitumba vingi, lakini kikuba chake cha kwanza nilikivaa.

Mwaka uliofuata vuli haikufika kule kwao. Kwetu ilinyesha kidogo, kwao haikunyesha kabisa. Kaka yake, yule waliyekuwa wakichunga pamoja, alikuja kututembelea bila taarifa. Alikuwa mzee mrefu, amekonda, fimbo mkononi. Tulimwamkia, nikamwandalia wali na samaki, akala polepole. Wakati wote alikuwa akiutazama uwanja.

"Hizi anazila nani?" akauliza.

Mume wangu alitazama sahani yake. "Hakuna, kaka. Ni za uwanja tu."

Kaka yake alipomaliza kula akanawa, akashuka barazani, akainama na kuzipapasa nyasi kwa kiganja, kama mtu anayepapasa mgongo wa ndama. Akatueleza kwamba ng'ombe karibu wote wamekufa. Amebakiwa na mmoja mwenye ndama, na mbuzi kidogo. Ng'ombe huyo sasa hanyanyuki mpaka anyanyuliwe na watu.

Alasiri, baada ya swala, mume wangu alitoa fyekeo. Nilimwona akisimama pembeni ya uwanja, akivuta pumzi, kisha akaanza kukata. Hakuacha urefu wa kidole. Alikata chini kabisa.

"Acha, mdogo wangu," kaka yake akasema. "Utaharibu kazi yako."

"Zitamea."

Nikaingia ndani nikachukua mundu wangu, nikajifunga kanga, nikaanza upande wa kisimani. Punde kaka mtu naye akaweka fimbo chini, akawa anakusanya na kushindilia kwenye magunia. Jasho lilikuwa likimtoka mume wangu, na mara moja nilimwona akijifuta macho, nikajifanya sikuona. Magunia yalijaa. Tuliyapeleka barabarani tukayapakia kwenye gari la kwenda Kwale mjini, ambako kaka angetafuta jingine la kumfikisha kwao.

Alipiga simu kesho yake. Mume wangu aliweka sauti ya wazi ili nami nisikie. Ng'ombe alikuwa amekula akiwa amelala, kisha akanyoosha shingo akalilamba gunia.

Uwanja wetu ulibaki na mashina ya manjano. Majirani waliuliza ni ugonjwa gani. Tuliufunika kwa samadi iliyochekechwa, tukaumwagilia maji ya mapipa mpaka yakaisha, tukawa tunaungoja kama zamani. Nyasi za Pemba haziweki maisha yake kwenye majani. Yako kwenye vile vifundo vilivyotambaa chini, na ukivitunza vikapata maji, vinarudi. Kila zilipokua kidogo tulizifyeka tukampelekea tena, kwa yeyote anayekwenda upande ule, na mimi nikaongeza majani ya migomba na maganda ya jikoni.

Mvua zilipoanza kule kwao, mume wangu alikwenda kumtazama kaka yake. Alishinda huko. Jioni nilikuwa uwanjani na ndoo na kopo, namwagilia pembeni mwa njia, simu ikalia.

"Huku kumeloa," akasema. Nyuma yake nilisikia ng'ombe na sauti ya watu wakicheka. "Ndama anakimbia. Na kaka anakusalimu."

"Msalimu sana."

"Naondoka sasa hivi, lakini gari litakwenda pole pole, njia ina tope. Umekula?"

"Bado."

"Kula, usiningoje."

Nikamwambia sawa. Nikamalizia kumwagilia, nikanawa miguu, nikaingia jikoni nikafunika chakula cha watu wawili.